Waja Leo, Waondoka Leo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kushuka Melini

Barua za Tanga zilizotufikia msimu huu zinafanana. Watu wamelipiwa safari ya meli ya kitalii na watoto wao walioko ng'ambo, au wamejichangia wenyewe, na wote wameshaelezwa namna ya kupanda. Kushuka hakuna aliyewaeleza. Tumechagua barua saba.

SWALI: Mwanetu aliyeko Uingereza ametulipia mimi na mama yake safari ya siku saba, kutoka Southampton na kurudi hapo hapo. Karatasi alizotutumia zinasema usiku wa mwisho tuweke mabegi yetu nje ya mlango, kwenye korido, tulale. Mke wangu amekataa katakata. Anasema hajaona mtu anayeacha mali yake barazani usiku halafu akapata usingizi. Tena magoti yanamsumbua. Tufanyeje?
*Mstaafu, Raskazone*

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Mama ana haki ya kuuliza, lakini mabegi yawekeni nje.

Meli ya namna hii hukaa kwenye bandari ya mwisho siku moja tu. Hufunga gati alfajiri, hushusha abiria wote, vyumba husafishwa, na mchana ule ule abiria wapya huanza kupanda, jioni imeshaondoka. Waja leo waondoka leo, kama tunavyosema wenyewe Tanga. Sasa piga hesabu: meli ya abiria 3,000, kila mmoja na mabegi mawili, ni mabegi 6,000. Kila mtu akiburuta yake asubuhi, lifti zitajaa, ngazi zitaziba na hakuna atakayetoka. Kwa hiyo mabegi hutangulia. Usiku mabaharia huyakusanya korido kwa korido, huyateremsha sitaha ya chini na kuyapanga kwenye vizimba vya chuma kufuata rangi au namba ya lebo. Meli ikishafunga gati, foklifti huvitoa vizimba na mabegi hupangwa chini kwenye ukumbi wa bandari. Nyinyi mtayakuta huko.

Siku moja au mbili kabla ya mwisho mhudumu wa chumba atawaletea lebo za karatasi. Rangi au namba iliyo juu yake ndiyo zamu yenu ya kushuka. Kama zamu hiyo haiwafai, nendeni mapokezi siku ile ile mkabadilishiwe. Usiku wa mwisho foleni huwa ndefu na zamu nzuri zimekwisha. Fungeni lebo kwenye mkono wa begi, si kwenye zipu. Jina na namba ya chumba viandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa maji. Lebo za zamani za ndege zing'oeni zote. Ndani ya begi wekeni karatasi yenye jina na namba ya simu ya mwanenu, maana lebo ya nje hukatika. Halafu mama achane ukanda wa kanga kuukuu aufunge kwenye kila begi. Ukumbini kuna mamia ya mabegi meusi ya matairi yanayofanana kama mapacha, na kosa linalotokea kila safari ni mtu kuondoka na la mwenziwe. Kanga ya Tanga haitapata mfano wake pale. Pigeni na picha ya kila begi kwa simu.

Mabegi hutakiwa nje kati ya jioni na saa nne au saa tano usiku. Saa kamili itaandikwa kwenye ratiba ya siku. Mkichelewa, begi litabaki juu yenu, mtalibeba wenyewe.

Mkoba mdogo mtakaobaki nao ndio wenye maana kuliko yote. Pasipoti. Dawa zote, za asubuhi na za wiki nzima, na kama kuna insulini isitoke kabisa mikononi mwenu. Miwani, meno ya bandia, simu na chaja zake, fedha, dhahabu za mama, funguo, chochote cha kuvunjika. Na nguo za kesho. Hili la nguo tunalisisitiza kwa sababu watu huona haliwahusu: wanafunga kila kitu, wanatoa begi, wanalala, asubuhi wamebaki na nguo za kulalia na ndara. Begi likishateremshwa halirudi, hata ukimwomba nahodha. Kwa hiyo kabla ya kufunga, tandikeni kitandani kila mtakachovaa kesho kuanzia nguo za ndani hadi viatu, pamoja na sweta nzito. Asubuhi ya Southampton humtetemesha mtu wa Tanga hata mwezi wa saba.

Asubuhi yenyewe. Meli hufunga gati karibu saa kumi na moja au saa kumi na mbili. Hakuna anayeshuka hadi mamlaka za bandari ziiruhusu meli, na kwa kawaida watu wa kwanza hutoka karibu saa moja, wa mwisho saa tatu na nusu au saa nne. Ratiba ya meli huandikwa kwa mtindo wa 24: 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Tena kama mmepita bandari za Ufaransa au Norwe, saa za meli huenda zimesogezwa na kurudishwa, na simu ikiwa baharini huweza kunasa mtandao wa nchi nyingine ikawadanganya. Fuateni saa iliyotangazwa melini.

Mkishasali alfajiri, kunyweni chai mapema. Ukumbi wa chakula hufungwa mapema kuliko siku nyingine. Chumba hutakiwa kuachwa karibu saa mbili. Kabla ya kufunga mlango, fungueni kabati la siri, yaani sefu ya chumbani, mkalikung'ute, mkatazame nyuma ya mlango wa bafu, chini ya kitanda, kwenye droo, na kwenye soketi zote za umeme. Kinachosahauliwa sana ni chaja, na kwa wenzetu wengine ni pasipoti iliyobaki ndani ya kabati la siri. Halafu kaeni mahali mlipoandikiwa kusubiri, mkae kweli. Kusimama kwenye ngazi au karibu na mlango hakuiwahishi zamu, kunaziba njia tu.

Kuhusu magoti ya mama: waambieni mapokezi siku ya kwanza ya safari, si ya mwisho, kwamba atahitaji kiti cha magurudumu. Watu wa viti hupewa zamu yao na mtumishi wa kuwasukuma hadi mabegi yalipo. Mtasikia pia habari ya kushuka mapema kwa kubeba mabegi yenu wenyewe. Hiyo ni kwa mwenye nguvu za kushuka ngazi na mzigo wake wote kwa safari moja, bila msaada. Nyinyi siyo njia yenu.

Mlangoni kadi ya chumba itasomwa na mashine mara ya mwisho. Isiwe imefungwa ndani ya begi. Meli huhesabu vichwa hadi abiria wote wa kushuka waishe, na jina ambalo kadi yake haikusomwa litaitwa kwenye vipaza sauti meli nzima. Mkifika ukumbini tafuteni kundi la rangi yenu, linganisheni jina kwenye lebo, ndipo mbebe. Begi likikosekana, msitoke nje ya ukumbi. Semeni hapo hapo, mjaze fomu, mchukue nakala. Matunda, nyama na jibini za mezani ziacheni melini, Forodha huweza kuzikamata.

SWALI: Dada yangu alipotoka meli ya kitalii alikuta benki imemkata fedha mara mbili. Nami naenda mwezi ujao. Je, ni wizi?
*Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Mara nyingi si wizi. Unapoandikisha kadi ya benki siku ya kwanza, meli huomba benki izuie kiasi fulani, na huweza kuongeza kila unaponunua. Fedha zilizozuiwa bado ni zako ila huwezi kuzitumia. Mwisho wa safari hesabu halisi hukatwa, na zile zilizozuiwa huachiwa na benki baada ya siku kadhaa, pengine wiki au zaidi. Katikati ya siku hizo salio huonekana kama umekatwa mara mbili. Mwenye salio jembamba hukwama hapo: anafika hotelini baada ya meli, kadi inakataa. Ukiweza, andikisha amana ya fedha taslimu badala ya kadi, au beba kadi ya pili usiyoigusa melini.

Hesabu yenyewe isikusubiri asubuhi ya mwisho. Itazame siku mbili kabla, kwenye televisheni ya chumbani, kwenye programu ya simu ya meli, au omba karatasi mapokezi. Tafuta kinywaji kilichoandikwa mara mbili, kitu cha kwenye friji ya chumbani ambacho hukukigusa, picha hukuichukua. Bakshishi ya wahudumu katika meli nyingi huongezwa yenyewe kwa kila mtu kwa kila siku, na huwashtua wengi mwishoni: zidisha watu kwa siku uione mapema. Lolote la kulalamikia lisemwe kabla hujashuka, ukiwa bado umesimama mbele ya mtu anayeweza kulifuta. Ukishafika Tanga ni barua pepe na kusubiri. Kama uliweka fedha taslimu, uliza saa ya kurudishiwa chenji. Ni usiku wa mwisho au alfajiri. Karatasi ya mwisho ya hesabu ihifadhi hadi benki iachie kila kitu.

SWALI: Meli yetu inaanzia Barcelona, inapita Marseille, inagusa Tunis, halafu tunashukia Italia. Nimepata viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja. Wakala anasema inatosha kwa kuwa Tunis sitashuka. Ni kweli?
*Msomaji, Barabara ya Nane, Ngamiani*

JIBU: Usiondoke Tanga na viza hiyo, dada. Meli ikishatoka Schengen na kutia bandari nje yake, umetoka. Kurudi Italia ni kuingia mara ya pili. Anayeangaliwa mpakani ni abiria wa meli iliyotoka nje, hata kama alilala chumbani siku nzima Tunis. Unahitaji viza ya kuingia mara nyingi, na ombi lako liambatane na ratiba kamili ya meli yenye bandari zote na tarehe, ili ofisa wa ubalozi aone mwenyewe sababu. Uliza pia masharti ya Tunisia kwa pasipoti ya Tanzania, kwa sababu kampuni ya meli huweza kukukatalia kupanda ukikosa karatasi ya bandari yoyote iliyo kwenye ratiba.

Kwa kawaida kosa hili hugunduliwa Barcelona kwenye kaunta ya kupandia, na nauli hairudi. Asiyegunduliwa pale hukwama siku ya kushuka, wenzake wakitoka naye akiitwa pembeni.

Jambo jingine la pasipoti: baadhi ya meli huzikusanya pasipoti za abiria wenye viza mwanzoni mwa safari na kukaa nazo ofisini. Upewe risiti, uitunze. Siku ya mwisho watatangaza mahali na saa ya kuzichukua, na wengine hutakiwa kuonana na Uhamiaji melini kabla zamu za kushuka hazijaanza. Tangazo hilo ndilo lako, usilichanganye na la lebo za mabegi. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kusajili wageni kwa mashine mipakani badala ya kugonga muhuri peke yake, kwa hiyo foleni ya wenye pasipoti zetu isihesabiwe kwa dakika.

SWALI: Tunashukia Civitavecchia. Meli imeandikwa inafika 07:00, na tiketi ya ndege kutoka Fiumicino ni 10:20. Saa tatu na zaidi si zinatosha?
*Msomaji, Muheza*

JIBU: Hazitoshi. Ile 07:00 ni saa ya kufunga gati, na kati ya gati na wewe kukanyaga nchi kavu kuna ruhusa ya mamlaka na zamu. Tuseme umebahatika umetoka saa moja na nusu. Gati lenyewe ni refu, watu huchukuliwa kwa basi hadi nje ya bandari. Kutoka hapo hadi uwanja wa ndege ni zaidi ya kilomita 60: kwa teksi karibu saa nzima barabara ikiwa nyeupe, kwa treni ni zaidi, maana utabadilisha Roma Trastevere huku ukiburuta mabegi. Kaunta ya mabegi ya ndege ya kimataifa hufungwa takriban saa moja kabla ya kuruka, yaani 09:20. Hapo hujapanga foleni ya ukaguzi wala ya Uhamiaji wa kutoka. Ukungu ukiizuia meli nusu saa tu, ndege imekwenda.

Badilisha tiketi iwe ya saa saba mchana au baadaye. Kama haibadiliki, omba kushuka na kundi la wanaobeba mabegi yao wenyewe, weka teksi mapema, na ujue bado unabahatisha. Kwa wazee na wenye watoto tungependelea walale Roma usiku mmoja. Gharama ya chumba ni ndogo mbele ya tiketi mpya ya kurudi Dar es Salaam.

Na kama ulinunua chupa za manukato au vinywaji dukani melini, meli nyingi huvishikilia vinywaji hadi usiku wa mwisho ndipo huvileta chumbani. Vikija, vifungie kwenye begi kubwa. Viwanja vingi vya ndege haviruhusu chombo cha zaidi ya mililita 100 kwenye mkoba wa mkononi.

SWALI: Tunashukia Mombasa, halafu basi hadi nyumbani Tanga. Kuna la kuangalia?
*Msomaji, Makorora*

JIBU: Yapo, na la kwanza ni muhuri. Abiria anayeshuka kutembea na kurudi melini hutazamwa kwa namna moja, anayemaliza safari kwa namna nyingine. Wewe unaingia Kenya. Usitoke bandarini Kilindini hadi umeona mwenyewe muhuri wa kuingia kwenye pasipoti, maana mpakani utaulizwa uliingilia wapi. Hapo kati kuna kivuko cha Likoni. Kiwekeni kwenye hesabu ya muda. Horohoro, mpakani, ni kituo cha pamoja: ukitokea Kenya, kutoka na kuingia vyote vinashughulikiwa upande wa Tanzania. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti.

Mzigo wako binafsi hauna shida. Kwa ulivyonunua, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mkazi anayerudi vitu vya thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa bila ushuru, ukivitaja mwenyewe na ukiwa na risiti. Manukato yasizidi nusu lita kwa jumla, na marashi halisi ndani yake yasipite robo lita. Tumbaku ni gramu 250. Pombe kali lita moja au divai lita mbili, kwa mtu mzima. Ukiwa na fedha za thamani ya dola 10,000 za Marekani au zaidi ni lazima uzitangaze. Mifuko ya plastiki ya dukani iacheni melini: Kenya imeikataza tangu 2017, kwetu tangu Juni 2019. Hamishia vitu kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa kabla hujatoka chumbani.

SWALI: Nimeshuka melini siku mbili sasa, sakafu ya nyumba bado inayumba. Ni maradhi?
*Msomaji, Pangani*

JIBU: Pole sana. Kwa walio wengi si maradhi. Ubongo ulijifunza kusawazisha mwili kwenye mawimbi na haujaacha. Huisha kwa saa chache, mara nyingi ndani ya siku mbili, pengine zaidi kidogo. Ajabu yake ni kwamba ukipanda gari hutulia, ukisimama hurudi. Tembea mchana, tazama mbali, lala vya kutosha, kunywa maji, shika ukuta ukiwa bafuni, na usiendeshe pikipiki kwanza. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha baharini kwa kawaida havisaidii hili. Likizidi mwezi, muone daktari wa masikio. Lakini kizunguzungu chenye kichwa kuuma ghafla, ulimi mzito, udhaifu wa upande mmoja au sikio kuziba, nenda hospitali ya Bombo leo.

SWALI: Na sisi wa boti ya Pemba kuja Tanga? Kila tukifika ni kusukumana mlangoni.
*Msomaji, Mabawa*

JIBU: Msukumano huanza kwa sababu watu husimama boti ikiwa bado inasogea. Boti ikigusa gati hupiga kishindo kidogo, na aliyesimama na furushi kichwani huanguka juu ya wenzake. Kaa hadi kamba zifungwe mbele na nyuma na ngazi ishuke. Mzigo ulioukabidhi chini hautoki kabla yako, kwa hiyo kukimbilia mlangoni ni kwenda kusubiri gatini. Shika kipande chako cha mzigo mkononi tangu mapema.

Angalia na maji. Siku za bamvu bahari ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ngazi ile ile uliyoizoea ikiwa imelala huikuta imesimama. Mwenye mtoto amfunge mgongoni kwa kanga, mikono yote miwili ibaki huru kushika reli, na furushi lipokewe na mtu wa nyuma.